Hifadhi: Historia Fupi ya Kitufe Kimoja Garissa

Najua nimepotea kidogo. Kuna walioniandikia kuuliza kama nimeacha kompyuta nikaingia biashara ya ngamia (siyo wazo baya, lakini sijaingia bado). Nilikuwa kazini, na kazi yenyewe ndiyo imenipa habari ya leo. Niwatahadharishe mapema: leo hakuna msimbo hata mstari mmoja. Leo ni historia, ila inaanzia kwenye kitufe.

Mwaka jana mfanyabiashara mmoja wa Garissa aliniita. Ana mabasi yanayokwenda Nairobi na lojing'i ya ghorofa mbili karibu na stendi. Alitaka programu ndogo ya simu. Abiria akiwa nyumbani kwake achague kiti, alipe kwa M-Pesa, aje stendi saa ya kuondoka. Mgeni akiwa Nairobi ashike chumba kabla hajafika. Lugha ziwe tatu: Kisomali, Kiswahili na Kiingereza. Kiingereza hakikunisumbua, kwa sababu kila tovuti duniani imeandika maneno yale yale, "Make a reservation", nami nikayaandika. Kisomali niliwaachia vijana wa ofisini, wakaniandikia "qabso", yaani jishikie, wakaendelea na chai yao. Kiswahili nikasema hiki changu, nimekulia nacho, dakika tano nimemaliza.

Nilikaa nacho wiki mbili.

Mara ya kwanza niliandika "Fanya uhifadhi". Niliposoma kesho yake nikaona aibu. Hakuna Mswahili aliyewahi kufanya uhifadhi akiwa na akili zake timamu. Stendi watu husema "nibukie viti viwili", "nishikie nafasi ya dirishani", au "kata tiketi kabisa". Lakini tajiri alitaka Kiswahili cha heshima, siyo cha stendi. Basi nikafanya kama tovuti nyingi za hoteli zinavyofanya, nikaandika "Hifadhi nafasi".

Nikaenda kumwonyesha karani mkuu wa ofisi ya tiketi. Ni mzee aliyeuza tiketi tangu mabasi hayajawa na viti vya kulaza mgongo. Mimi humwita adeer, yaani baba mdogo, naye kwa desturi ya Wasomali hunijibu adeer vilevile. Akavaa miwani, akaishika simu mbali na uso, akasoma kwa sauti: "Hifadhi." Kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Adeer, unataka kuwapeleka abiria wangu Arawale au Dadaab?"

Kwa msomaji wa mbali: Arawale ni hifadhi ya wanyama kusini mwa mji wa Garissa, ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili ya hirola, aina ya swala adimu sana duniani. Dadaab ni makambi ya wakimbizi, kilomita kama 100 kutoka mjini ukielekea mpaka wa Somalia. Mnyama anawekwa hifadhini, mkimbizi anaomba hifadhi. Sisi waandishi wa programu tumeongeza zetu mbili: "hifadhi" ndiyo tunayoandika pale pa kutunza faili, na "hifadhidata" ndiyo ghala la taarifa. Neno moja, kazi nne, na Garissa zote nne zinakutana barabara moja.

Mzee alikuwa anatania. Lakini ule utani ulinifanya niulize swali ambalo sikuwahi kujiuliza miaka yote hii ya kuandika programu. Mtu anaposhika nafasi, hasa ni nini kinachofanyika? Nani anaandika, anaandika wapi, na nani ana ruhusa ya kufuta?

KITABU NA "RESERVE"

Tuanze na Kiingereza, maana ndicho kilichotuletea mambo haya. Waingereza wenyewe kwa kawaida husema "book". Asili yake ni kitabu hasa. Zamani za magari ya farasi, abiria alikwenda ofisini, karani akaandika jina lake kwenye daftari pamoja na mwisho wa safari yake. Treni zilipoanza waliendelea hivyo hivyo, karani akiandika kwa mkono huku foleni inarefuka. Ndipo katika miaka ya 1830 mkuu mmoja wa stesheni huko kaskazini mwa Uingereza, Thomas Edmondson, akabuni tiketi ndogo za kadi ngumu zilizochapwa tayari, kila moja na namba yake. Karani hakuhitaji tena jina lako. Kiti kikawa cha mwenye kadi, awe nani awe nani. Hata hivyo dirisha la tiketi likaendelea kuitwa dirisha la kitabu, ingawa kitabu hakipo. Reli ya Uganda ilipojengwa kutoka Mombasa hadi Kisumu kati ya mwaka 1896 na 1901, istilahi hiyo ilikuja nayo, na sisi tukaifinyanga ikawa "kubuku".

Wamarekani wao hupenda "make a reservation". Mzizi wake ni Kilatini, maana yake kuweka kando, kutunza pembeni. Lakini huko huko Marekani neno hilohilo ni jina la maeneo waliyosukumiwa wenyeji wa asili wa nchi ile. Kwa lugha yao mtu anaweza kuwa na meza ya "reservation", na mwingine akazaliwa kwenye "reservation".

Kenya nasi tulionja. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1915 iliipa serikali ya kikoloni nguvu ya kutenga ardhi kwa ajili ya "makabila", na mwaka 1926 mipaka ya maeneo hayo ikatangazwa rasmi. Yaliitwa "Native Reserves". Nyanda bora zilibaki kwa walowezi, Mwafrika akawekewa pembeni yake. Ili atoke huko kutafuta kazi alihitaji kipande. Sheria ya kipande nayo ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume alikibeba ndani ya kikebe cha bati kilichoning'inia shingoni, ndani yake jina, alama za vidole, na maelezo ya mwajiri. Mfumo huo ulidumu mpaka sheria mpya ya mwaka 1947 ilipoamuru watu wa rangi zote waandikishwe.

Tazama jambo hili kwa jicho la programa. Edmondson aliondoa jina kwenye safari ya Mwingereza, akabakiza namba ya kadi. Chini ya miaka mia moja baadaye, dola ile ile ikamwandika Mwafrika jina na vidole kabla hajaruhusiwa kupanda treni kwenda kutafuta kazi.

WILAYA ILIYOFUNGWA

Garissa haikuwa hata "reserve". Ilikuwa kitu kingine. Mwaka 1902 wakoloni walipitisha sheria ya wilaya za pembezoni, iliyompa mtawala uwezo wa kuifunga wilaya: asiyekuwa mkazi haruhusiwi kuingia bila leseni. Mwaka 1909 ikaundwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, wengi mnaijua kwa herufi tatu, NFD. Humo zilikuwemo Garissa, Wajir, Mandera, Moyale, Marsabit na Isiolo. Mwaka 1934 ikaja sheria ya wilaya maalum, ikawabana zaidi wakazi wenyewe, wapi wakae na wapi wachungie.

Kwa hiyo wakati ambapo msafiri wa Mombasa anakwenda Nairobi kwa kununua kadi ya Edmondson, msafiri wa huku alianza na ofisi ya D.C. Kitabu cha kwanza alichoandikwa hakikuwa cha kiti. Kilikuwa cha kibali. Nafasi ya kusafiri ilikuwa mali ya serikali, wewe unaazimwa.

Uhuru ulikuja tarehe 12 Desemba 1963. Mwaka uliotangulia tume iliyotumwa na Waingereza ilikuwa imezunguka NFD, ikakuta wakazi wengi wanataka kuungana na Somalia. Hawakusikilizwa. Tarehe 28 Desemba, uhuru haujafikisha wiki tatu, serikali mpya ikatangaza hali ya hatari katika mkoa huo, vita vya shifta vikawa vimeshika. Mkataba wa amani ulifikiwa Arusha mwaka 1967, Rais Kenneth Kaunda wa Zambia akiwa msuluhishi. Vita vikaisha, lakini sheria za hatari hazikuisha. Zilikaa mpaka Novemba 1991. Hesabu mwenyewe: karibu miaka 28. Mtoto aliyezaliwa zikianza alikuwa ameoa na ana watoto zinapoondoka.

Katikati ya miaka hiyo kuna Novemba 1989. Serikali iliamuru Wakenya wote watu wazima wenye asili ya Kisomali wajitokeze kusailiwa upya, hata aliyekuwa tayari na kitambulisho cha taifa. Aliyefaulu alipewa kadi ya rangi ya waridi. Karani wetu anayo yake mpaka leo. Alinionyesha, ameifunga kwenye nailoni, imechakaa pembeni. "Hii nayo ni buking," aliniambia. "Nilibuku nchi yangu mwenyewe."

Sikucheka.

KALAMU YA KAMBA

Sasa turudi stendi, maana nisije nikawachosha na serikali peke yake.

Kabla ya programu yangu, ofisi ilikuwa na daftari kubwa lenye jalada jeusi. Kila basi ukurasa mmoja, viti vimechorwa kwa rula, jina ndani ya kila kisanduku. Juu ya meza kuna kalamu moja tu, imefungwa kwa kamba kwenye uti wa daftari. Nilidhani kamba ni ya wezi wa kalamu. Mzee akanisahihisha. "Kalamu zikiwa mbili, kiti kimoja kinapata wenyewe wawili."

Ndugu wasomaji, nimesoma vitabu vizito vya kompyuta kuhusu jambo hili, na sijakuta palipoelezwa vizuri zaidi. Tatizo ni hili. Karani wa kwanza anatazama, anaona kiti namba 14 kiko wazi. Karani wa pili anatazama sekunde hiyo hiyo, naye anakiona kiko wazi. Wa kwanza anaandika, wa pili anaandika. Wote wawili walisema kweli walipotazama, na wote wawili sasa ni waongo. Dawa yake ni kufuli: anayetazama ndiye aandike, na mwingine asubiri mpaka amalize. Kalamu moja, kamba moja.

Mashirika ya ndege yalihangaika na jambo hilo miaka mingi. Mwanzoni American Airlines ilikuwa na kadi za safari ndani ya masanduku yanayozunguka, makarani wamekaa kuyazunguka masanduku hayo wakizitafuta kwa mikono. Nafasi moja ya abiria, tangu kuombwa hadi kukamilika, ingeweza kuchukua saa moja na nusu. Mwaka 1946 walijaribu mashine ya umeme iliyoitwa Reservisor, iliyoweza kumwambia karani kama ndege ina nafasi, lakini haikuweza kumtambua abiria. Majina yalibaki kwenye kadi.

Mwaka 1953, ndani ya ndege ya kutoka Los Angeles kwenda New York, rais wa shirika hilo, C. R. Smith, alijikuta ameketi na muuzaji wa IBM naye anaitwa Smith, Blair Smith. Wakaanza kwa kuchekea majina, wakaishia kuzungumza kompyuta. IBM wakati huo ilikuwa inashiriki kujenga SAGE, mfumo wa jeshi la Marekani wa kuunganisha rada na kompyuta ili kuziona ndege za adui zinapokuja. Yule wa ndege akapata wazo lake: kama mashine inaweza kufuatilia ndege za adui angani, itashindwaje kufuatilia viti? Mfumo uliozaliwa ukaitwa SABRE. Ulianza kufanya kazi mwaka 1960 kwa kompyuta mbili za IBM 7090, na kufikia mwaka 1964 ulikuwa umeenea katika ofisi za shirika hilo nchi nzima. Jibu lililochukua saa moja na nusu sasa lilirudi kwa sekunde chache, na safari hii jina la abiria lilikuwa ndani ya mashine.

Mimi hili lilinigusa kwa namna yake. Teknolojia ya kukutafutia kiti dirishani na teknolojia ya kumtambua adui ni watoto wa nyumba moja. Zote zinauliza swali lile lile: huyu ni nani, na yuko wapi? Tofauti ni anayeuliza anataka nini kwako.

KITI KIMOJA WENYEWE WAWILI, MTU MMOJA MAJINA MAWILI

Makambi ya Dadaab yalianza mwaka 1991 na 1992, serikali ya Somalia ilipoanguka. Yalipangwa kwa watu 90,000. Kufikia ukame wa mwaka 2011 yalikuwa yamepita watu 460,000, makubwa kuliko makambi yote ya wakimbizi duniani wakati ule. Ndani ya makambi kulikuwa na chakula cha mgawo, zahanati, shule na maji ya bomba. Nje ya makambi, kijiji cha Mkenya aliyepoteza mifugo wote kwa ukame ule ule, hakikuwa na kitu.

Mama afanye nini? Alikwenda foleni. Akaandikisha watoto. Lugha ni moja, sura ni moja, na njaa haikaguliwi kitambulisho. Wengine walikuwa wachanga mgongoni, hawakujua hata siku waliyoandikwa. Alama za vidole zikaingia kwenye hifadhidata ya wakimbizi.

Miaka ikapita. Mtoto akafika umri wa miaka 18, akaenda kuomba kitambulisho cha taifa kama Mkenya yeyote. Mashine ikatafuta vidole vyake, ikavikuta kule. Jibu: wewe ni mkimbizi, huwezi kuwa raia. Makadirio yaliyotajwa mara nyingi ni watu wapatao 40,000, wengi wao wa Garissa na jirani zake. Hali hiyo inaitwa kuandikishwa mara mbili.

Mnaona? Ni kiti namba 14 kimegeuzwa. Kule kiti kimoja kina wenyewe wawili. Huku mwenyewe mmoja ana visanduku viwili, na mashine inasema kimoja lazima ni uongo, kisha inachagua kimchomekee kile kinachomuumiza. Lakini kuna tofauti moja kubwa sana, na ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Katika mfumo wowote wa kushika nafasi duniani, wa SABRE au wa daftari jeusi, kuna kufuta. Abiria akighairi, karani anapiga mstari, kiti kinarudi wazi. Hakuna mtu angeunda mfumo wa tiketi usioweza kufuta, angefilisika mwezi wa kwanza. Yule mtoto wa Dadaab alishikiwa nafasi ambayo hakuiomba, na kwa miaka mingi hapakuwa na dirisha la kwenda kusema: nimeghairi, nifuteni.

Mambo yamesogea. Wapo waliokaguliwa na kutolewa kwenye orodha ile, wakapata vitambulisho vyao. Februari 2025, Rais William Ruto akiwa Wajir alitia saini tamko la kuondoa usaili wa ziada uliokuwa ukiwakabili wakazi wa kaunti za mpakani wanapoomba kitambulisho. Kamati zile za wazee na maafisa zilizomuuliza kijana wa Garissa maswali ambayo kijana wa Nyeri hakuulizwa, zikatangazwa zimekwisha. Ni jambo kubwa, na nimeona watu wazima wakilia kwa furaha. Lakini aliyezuiwa akiwa na miaka 18 na leo ana 30, ile miaka 12 haimo kwenye hifadhidata yoyote.

KOSA LANGU

Sasa nikiri.

Fomu yangu ilikuwa na visanduku vinne: jina, simu, namba ya kitambulisho, namba ya kiti. Kitambulisho nilikiweka kuwa lazima. Usipoandika, kitufe hakibonyezeki, kinabaki kijivu. Sikuambiwa na mtu, niliona tu ndiyo utaratibu. Kwa miaka mingi basi la kwenda Nairobi likivuka daraja la Mto Tana, upande wa Madogo abiria hushuka, hupanga mstari, huonyesha vitambulisho kwa polisi, hutembea kwa miguu na kupanda basi upande wa pili. Nikajisemea, kama watakiulizwa darajani, si bora nikiulize mapema?

Siku ya majaribio walikuja abiria kumi hivi ofisini. Miongoni mwao binti mmoja, alikuwa anampeleka mama yake hospitali Nairobi. Alikuwa mwepesi wa simu kuliko sisi sote. Aliandika jina la mama, akamaliza. Akaandika jina lake, simu yake, akafika kisanduku cha tatu, akasimama. Akaangalia kitufe cha kijivu. Akanirudishia simu kwa adabu, akamgeukia mzee: "Adeer, niandikie wewe kwa kitabu."

Mzee hakuuliza kitu. Akavuta kalamu yenye kamba, akaandika majina mawili, kiti cha 7 na cha 8, akakata tiketi.

Baadaye nikamuuliza, huyo binti atavukaje daraja? Akaniambia ana barua ya chifu na cheti cha kuzaliwa, na mama yake yuko naye, pengine atapita, pengine atateremshwa. "Hayo ni ya askari," akasema. "Kazi ya kitabu changu ni kiti. Wewe umefanya simu yako iwe askari wa kwanza."

Wasomaji wangu, nimeandika programu miaka mingi. Nimewahi kufuta data ya mteja kwa bahati mbaya, nimewahi kuangusha seva usiku wa sikukuu. Hakuna kosa lililoniuma kama kile kisanduku. Sheria ya 1902, kipande cha shingoni, kadi ya waridi, vidole vya Dadaab, vyote vilianza na mtu kama mimi: karani aliyeketi kwenye kivuli, anayechora fomu, akaona kisanduku kimoja zaidi hakidhuru.

Usiku ule nilikiondoa. Siyo kukifanya cha hiari, nimekiondoa kabisa, kwa sababu kisanduku cha hiari leo hugeuka lazima kesho mtu akishaondoka kazini. Programu sasa inauliza jina na simu tu, na safari ikiisha majina yanafutika baada ya siku thelathini. Tajiri alinuna kidogo. Mzee akamwambia kwamba daftari jeusi halijawahi kuuliza kitambulisho na mabasi hayajawahi kufilisika. Yakaisha.

NA KITUFE JE?

Kitufe kimeandikwa "Weka nafasi". Ni maneno ya kawaida, mtu hapotei. Nimelipenda neno nafasi. Limetoka kwenye Kiarabu na ni ndugu wa neno la pumzi. Mtu akiwa na nafasi anapata pa kupumulia. Halimfungi kama hifadhi, halimuulizi ni wa nani.

Pembeni yake, kwa ukubwa ule ule na rangi ile ile, nimeweka kingine: "Futa". Kwa kawaida waundaji wa programu hukificha hicho, huwa kidogo kama punje, ili mteja asighairi. Mimi nimekataa. Mtu wa Garissa akiandika jina lake mahali kwa mkono wake mwenyewe, aone pia, bila kutafuta, namna ya kulitoa.

Daftari jeusi bado lipo mezani na kalamu yake ya kamba. Umeme ukikatika, mzee anarudi kwake. Simu zikirudi hewani, anatuita tunakili. Wiki iliyopita alinipigia kuniambia kwamba mtandao umeuza kiti cha 14 na yeye pia amekiuza. Kalamu mbili, kama alivyosema. Ndilo ninalolishughulikia sasa hivi, kwa hiyo mkiniona kimya tena, mjue niko wapi.

Haya, tuonane panapo majaliwa.